Kulia kama Ng'ombe: Maangalizi juu ya Kamusi, Vitabu vya Watoto na Tafsiri

Mtu atafutaye katika kamusi neno la Kiswahili kwa mlio wa ng'ombe, kwa kawaida hupewa jawabu moja tu: kulia kama ng'ombe. Jawabu hilo ni la kweli, wala hapana Mswahili atakayelikataa. Lakini halimfai aulizaye, kwa kuwa lamrudisha pale pale alipotoka. Ajuaye jinsi ng'ombe aliavyo hakuhitaji kuambiwa, na asiyejua hakuongezewa kitu. Hapo ndipo ilipozaliwa hukumu tuisikiayo mara kwa mara katika vyumba vya walimu, kwamba Kilatini kina mugire, Kifaransa kina mugir na meugler, Kiingereza kina maneno yake matatu, na Kiswahili hakina hata moja. Basi lugha hii ni maskini, na yatupasa ama kuikopea neno ama kuibunia.

Twataka kuipima hukumu hiyo, kwa sababu si jambo dogo. Mwalimu aaminiye kwamba lugha ya wanafunzi wake imepungukiwa hufundisha kwa namna moja, na yule aaminiye kwamba imejaa hufundisha kwa namna nyingine. Kadhalika mfasiri. Kwa maoni yetu Kiswahili hakikupungukiwa. Kinacho kitenzi kimoja kipana sana, nacho hupambanua maana kwa njia zake chenyewe. Walakini upana huo una mtego mmoja, ambao kamusi hazimwonyi mtu juu yake, na mfasiri asiyeangalia huweza kunaswa.

Tuanze na vitabu vya watoto. Humo hupangwa orodha ya wanyama na milio yao: simba hunguruma, mbwa hubweka, jogoo huwika, kuku atakaye kutaga hutetea. Akifikiwa ng'ombe, orodha husema hulia tu, au hulia moo, na mbuzi hulia mee. Mtoto mwenye akili huona mara moja ya kuwa wanyama wengine wamepewa kitenzi chao na wengine wameachwa. Akiuliza sababu, yamkini mwalimu hana la kumjibu.

Sababu yaelekea kuwa hii. Vitenzi vya pekee vimepewa sauti zile ambazo mwanadamu huzisikia akafanya jambo. Mbwa akibweka, mwenye nyumba huamka atazame mlangoni. Jogoo akiwika, watu hujua ya kuwa alfajiri imekaribia; hata mithali yasema jogoo la shamba haliwiki mjini, na mithali hiyo isingaliwezekana kama kuwika kusingalikuwa neno lenye heshima yake. Kuku akitetea, mama wa nyumba hutafuta kiota. Simba akinguruma, msafiri hukoka moto. Katika kila tendo hilo sauti ni habari, na habari yataka jina.

Ng'ombe wa pwani hakuwa na nafasi hiyo. Nchi ya Mrima, tangu Bagamoyo na Kaole kwenda Winde, Saadani na hata Pangani, ni nchi ya wavuvi, ya minazi, na ya mashamba ya mihogo na mpunga. Nyuma yake, katika mabonde ya Ruvu na Wami, mna mapori ya mbung'o, na mbung'o huua ng'ombe kwa ugonjwa wa nagana. Mfano ulio wazi ni Mkwaja, kaskazini ya Saadani, palipokuwa na shamba kubwa la ng'ombe tangu mwaka 1952. Wenye shamba walipigana na mbung'o kwa dawa na kwa kufyeka mapori miaka karibu hamsini. Mwisho, mwaka 2000, shamba likafungwa, na nchi ile ikatiwa katika Hifadhi ya Taifa ya Saadani, iliyotangazwa mwaka 2005. Pahali ambapo ng'ombe ni wachache, mtu hana haja ya maneno kumi kwa sauti zao. Wala jambo hili si aibu. Mfugaji wa bara hana maneno ya pepo na mikondo ya bahari aliyo nayo baharia wa Bagamoyo, na hakuna amwitaye maskini wa lugha. Huko Rwanda, ambako ng'ombe alikuwa mali na heshima, mlio wake una kitenzi chake, kwabira, mbali na vitenzi vya mbuzi na kondoo. Kila nchi imeyapa majina yale iliyoishi nayo.

Mithali za Kiswahili zatoa ushahidi huo huo. Ng'ombe yumo katika nyingi, lakini tukizitazama zile zijulikanazo sana, hatoi sauti. Yuko kwa nundu yake, kwa kuwa ng'ombe haelemewi na nunduye. Yuko kwa mguu wake, kwa kuwa ng'ombe avunjikapo guu hurejea zizini. Yuko kwa ubishi wake, kwa kuwa mafahali wawili hawakai zizi moja. Iliyo ya ajabu kuliko zote ni ile isemayo kwamba kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Humo mna kelele, lakini ni za chura. Ng'ombe ndiye anyamazaye. Pwani imemwona ng'ombe kuwa mnyama mkubwa, mzito, mwenye subira, na ukimya wake umesemwa kuliko sauti yake. Basi mwalimu atakaye kuwaeleza watoto kwa nini ng'ombe hana kitenzi chake, na awafunulie mithali hizi kwanza.

Sasa tukitazame kitenzi chenyewe. Kosa kubwa la wageni, na la kamusi zilizotungwa kwa ajili ya wageni, ni kudhani ya kuwa maana ya kwanza ya kulia ni kutoa machozi, na ya kuwa mnyama au kitu husemwa kulia kwa mfano tu. Matumizi ya watu hayaonyeshi hivyo. Kengele hulia, bunduki hulia, mlango hulia kwa kutu, viatu vipya hulia, na tumbo la mwenye njaa hulia. Mbiu, ambayo zamani ilikuwa pembe ya nyati ipulizwayo ili watu wakusanyike, nayo hulia. Na mithali yasema ya kwamba mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Katika yote hayo hamna machozi. Kulia ni kutoa sauti yako mwenyewe, ile iliyo ya asili yako, ambayo mwenye kusikia hukutambua kwayo. Mwanadamu mwenye msiba hulia kwa sababu wakati ule maneno yamemwishia na sauti tupu imebaki. Kwa hiyo asemaye ng'ombe hulia hakukopa neno la binadamu akamvika mnyama. Amelitumia neno mahali pake hasa.

Tena lugha yenyewe hupambanua katika majina kile isichokipambanua katika kitenzi. Twasema mlio wa ng'ombe, mlio wa bunduki, mlio wa kengele. Lakini twasema kilio cha mjane, na kwenda kilioni ni kwenda penye msiba. Mtu asemaye kilio cha ng'ombe amesema zaidi ya sauti: ametia huzuni ndani yake. Hapa pana kipimo chepesi ambacho mwalimu aweza kuwapa wanafunzi: kama wasikia sauti tu, andika mlio, kama wataka msomaji amhurumie mnyama, andika kilio, lakini ujue ya kuwa umekwisha kuhukumu.

Wala si kweli kwamba kulia ndilo neno pekee. Kila wakati ng'ombe atoapo sauti nyingine, Kiswahili kina neno la kuipokea, ingawa neno hilo si lake peke yake. Fahali amwonapo fahali mwenziwe, akainamisha kichwa na kuparuza ardhi kwa kwato, sauti humtoka chini kifuani. Hapana atakayemlaumu asemaye ya kuwa ananguruma. Kundi kubwa likirudi jioni, na sauti zote zikachanganyika mbali, watu husema lavuma, kama vile usemwavyo upepo au ngoma. Mama aliyezaa karibu, akimlamba ndama wake kwa mdomo uliofumbwa, huguna. Mgonjwa alalaye chini hupiga kite. Aliyechinjwa hukoroma. Aliyekimbizwa hutweta. Na akiisha kushiba, akalala kivulini, hucheua, na anayekaa karibu husikia kucheua huko pia. Haya ni maneno saba au manane, na kila moja laeleza hali ya mnyama pamoja na sauti yake. Mtoto afundishwaye moo peke yake amenyimwa yote.

Hatusemi kwamba moo ni mbaya. Sauti ya m hutoka midomo ikiwa imefumbwa, na o hutoka kinywa kikiwa wazi, na ng'ombe mara nyingi huanza hivyo na kuishia hivyo. Lakini wataalamu wa mifugo wameonyesha ya kuwa kufumba na kufumbua huko si kitu kimoja. Mwaka 2015 wachunguzi wa vyuo vikuu vya Nottingham na London walitoa matokeo ya kazi yao juu ya ng'ombe na ndama zao. Waliona ya kuwa mama ana miito miwili kwa mtoto wake. Ndama akiwa karibu, mama humwita kwa sauti nzito, kinywa kikiwa kimefumbwa au wazi kidogo tu, na mtikisiko wake ni kama 81 kwa sekunde. Ndama akiwa mbali asionekane, mama hupaza sauti kwa kinywa wazi, na mtikisiko wake ni kama 153 kwa sekunde, yaani karibu mara mbili. Tena sauti ya kila mama ni yake mwenyewe, na ya kila ndama kadhalika, hata mmoja aweza kupambanuliwa na mwingine. Mwenye Kiswahili akisoma habari hiyo hataona shida kuieleza: wa kwanza anaguna, wa pili analia. Maneno mawili ya siku zote yametosha kwa jambo ambalo wataalamu walilipima kwa vyombo.

Kabla ya kufika kwenye tafsiri, yafaa tuondoe dhana moja ambayo walimu wengine huwapa watoto kwa kuwafurahisha. Husema ya kuwa jina ng'ombe lenyewe limeiga mlio wake, kwa sababu ya ile sauti ya puani iliyo mwanzoni. Habari hii yapendeza, lakini si ya kweli. Jina hili ni la kale, nalo limeenea katika lugha nyingi za Kibantu. Katika Kikongo na Kilingala husemwa ngombe, na ile g husikika waziwazi baada ya n. Kiswahili kimeipoteza g kwa kanuni ya sauti: penye n na g mwanzoni, kisha silabi ifuatayo ikaanza na sauti kama mb, ile g hudidimia, ikabaki sauti ya puani peke yake. Kanuni hiyo huitwa kwa jina la Carl Meinhof, mtaalamu wa Ujerumani ambaye kitabu chake juu ya sauti za lugha za Kibantu kilitolewa mwaka 1899. Basi ng' ya ng'ombe haikutoka kinywani mwa mnyama. Ilitoka katika ndimi za watu. Atakaye mfano wa jina lililoiga mlio na amtaje paka, ambaye wengine humwita nyau.

Jambo jingine lastahili kuangaliwa na wakaao pwani. Kiarabu kina jina la pekee kwa mlio wa ng'ombe, khuwar, nalo limo katika Kurani katika habari ya ndama ya dhahabu, kwa hiyo waalimu wa vyuoni Bagamoyo wamelisoma tangu zamani. Juu ya hayo, Kiswahili, kilichopokea kutoka Kiarabu maneno mengi ya biashara, ya sheria na ya dini, hakikulichukua hilo katika usemi wa kila siku. Lugha haikopi kila iwezacho kukopa; hukopa pale panapoonekana pengo. Watu wa Mrima walisikia khuwar msikitini, wakarudi nyumbani wakasema mlio, wala hawakuona pengo lo lote.

Sasa twaja kwenye mtego tuliokwisha kuutaja. Kuna vitenzi viwili vyenye sura moja. Wa kwanza ni kulia kwa sauti. Shina lake la kale lilikuwa na l mbili, kama lionekanavyo hata leo katika Kibemba, kulila, na katika Kichewa, kulira. Kiswahili kimeidondosha ile ya pili. Wa pili ni kulia utokao katika kula, kwa kauli ya kutendea: chumba cha kulia, kijiko cha kulia, na mkono wa kulia, ambao ni mkono wa kulia chakula. Mkazo wa sauti ni ule ule, na sikio haliwezi kuvitenga. Kwa binadamu hatari ni ndogo, kwa maana mazungumzo huonyesha. Lakini kwa ng'ombe, ambaye kazi yake ya mchana kutwa ni kula, hatari ni kubwa.

Tutazame Ayubu, mlango wa 6, aya ya 5. Katika Kiebrania mna vitenzi viwili, kimoja cha punda-mwitu na kimoja cha ng'ombe, na Yeronimo katika Kilatini akavitenga vivyo hivyo, rugire na mugire. Hoja ya Ayubu ni kwamba hakuna alalamikaye bila sababu: mnyama mwenye chakula mbele yake hanung'uniki. Basi mfasiri akiandika, Je, ng'ombe hulia malishoni? ameandika Kiswahili kisicho na kosa la sarufi, lakini ameharibu hoja yote. Mwanafunzi wa Kerege au Zinga atamjibu kwa haki: Naam, hulia malishoni, alie wapi tena? Swali lililotakiwa kujibiwa la, limejibiwa ndiyo. Hilo ndilo kosa ambalo kamusi isemayo kulia kama ng'ombe haimwepushi mtu.

Dawa yake imo ndani ya lugha yenyewe. Kitenzi cha sauti kikitiwa kauli ya kutendea, ile l iliyopotea hurudi, nacho huwa kulilia. Mtoto hulilia maziwa; ndama humlilia mama yake. Hapo sikio halikosei tena. Basi mfasiri na aseme, Je, ng'ombe huyalilia malisho hali anayo mbele yake? Maana imetimia, utata umeondoka, wala halikubuniwa neno jipya. Tena imepatikana faida ambayo mugire haina, kwa kuwa kulilia huonyesha kile mnyama anachokitaka.

Lakini dawa isinywewe kila siku. Katika Samweli wa Kwanza, mlango wa 6, Wafilisti waliwafunga ng'ombe wawili wenye kunyonyesha kwenye gari, na ndama zao wakafungiwa nyumbani. Nao wale ng'ombe wakaenda moja kwa moja njia ya Beth-shemeshi, huku wakitoa sauti. Hapa mfasiri aweza kushawishika kuandika kwamba waliwalilia ndama zao. Asifanye hivyo. Aya ya 12 haisemi sababu. Yataja mwendo na sauti tu, na msomaji aachwa akumbuke mwenyewe wale ndama waliotajwa mbele. Wakaenda wakilia: maneno haya yatosha. Tena hapa upana wa kulia, ulioonekana kuwa umaskini, ni utajiri. Kilatini husema wanyama walitoa mlio wa ng'ombe, basi. Kiswahili husema walitoa sauti yao, na kwa neno lilo hilo msikilizaji husikia pia mama aliyetengwa na mtoto. Mugire ya Kilatini haisemi yote mawili.

Katika mlango wa 15 wa kitabu hicho, aya ya 14, mambo ni mengine. Sauli asema amekwisha kuitimiza amri, na Samweli amwuliza juu ya sauti za kondoo na ng'ombe anazozisikia. Sauti hizo hazina huzuni; ni ushahidi. Hapo jina mlio lafaa kuliko kilio. Na katika Yoeli, mlango wa 1, aya ya 18, makundi yataabika kwa kukosa malisho. Wengi wataandika wanaugua, lakini watoto wa siku hizi wakisikia kuugua hufahamu ugonjwa tu. Kupiga kite ni neno la zamani, zuri, lisilo na utata, nalo lastahili kurudishwa shuleni kabla halijasahauliwa.

Kwa hayo yote twaona ya kuwa lawama si ya lugha, ni ya njia tuliyotumia kuiuliza. Ukiuliza, Neno lenu kwa mugire ni lipi? utapewa moja, nalo litakuwa pana. Ukiuliza, Ng'ombe huyu afanya nini sasa? utapewa mengi. Padre Charles Sacleux, aliyekaa Bagamoyo na Unguja katika karne ya kumi na tisa, na ambaye kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa ilitolewa Paris mwaka 1939, alikuwa na desturi ya kuonyesha neno latoka lahaja gani, la Mrima, la Unguja, la Mvita au la Amu. Kwa hiyo kamusi yake yafaa hata leo. Desturi hiyo yahitaji kuongezwa kipande kimoja: pamoja na mahali, na uandikwe wakati, yaani mnyama alikuwa katika hali gani neno hilo liliposemwa.

Kazi hiyo yaweza kufanyika sasa kuliko zamani. Wafugaji wa Kiparakuyo, Wamaasai na Wabarabaigi wamekaa na makundi yao katika nchi ya nyuma ya Bagamoyo, na watoto wao huketi darasani pamoja na watoto wa Wakwere, Wazigua, Wadoe na Waswahili wa pwani. Wale wana masikio yaliyozoea zizi. Hawa wana Kiswahili cha Mrima. Mwalimu akiwapa kazi ya kuandika pamoja sauti za ng'ombe kwa siku moja, tangu kufunguliwa zizi hata kukamwa jioni, atapata orodha ambayo hakuna kamusi iliyo nayo. Na aziandike sentensi nzima, si neno peke yake. Kisha azisome kwa sauti mbele ya mtu asiyekuwapo, amwulize kila mara: Ng'ombe huyu analia, au anakula?